Kurudi, Kurudia na Kurudiana

Katika lugha yetu ya Kiswahili mzizi mmoja waweza kuzaa matawi mengi, na kila tawi likawa na tunda lake. Tukilichukua neno "rudi", twaona kwamba msafiri hurudi nyumbani, mwanafunzi aliyeshindwa hurudia darasa, mzazi humrudi mtoto wake aliyekosa, na mume na mke walioachana huweza kurudiana. Maneno haya manne hatuyachanganyi tunaposema. Hata asiyepata kukaa darasani siku moja hayachanganyi. Lakini katika fikira na matendo yetu tunayachanganya mara nyingi mno. Makusudi ya makala haya ni kujaribu kuyatenganisha. Mfano tutakaoutumia ni wa muziki, kwa sababu jambo lililotokea mjini Kinshasa tarehe 30 Juni 2022 liliwafanya watu wa Gitega na Muyinga wabishane juu ya swali ambalo kwa hakika si la muziki peke yake.

Siku hiyo, ambayo ni sikukuu ya uhuru wa Kongo, bendi ya Wenge Musica ilipanda jukwaani katika uwanja wa Stade des Martyrs ikiwa na viongozi wake waliotengana tangu Desemba 1997. Karibu robo ya karne ilikuwa imepita. Habari zilitufikia kwa televisheni na kwa simu za mkononi, na kwa siku kadhaa mazungumzo sokoni, vinyozini na hata katika chumba cha walimu yalikuwa juu ya jambo hilo. Wengi walifurahi. Lakini wasiofurahi nao walikuwapo, na hoja zao zilikuwa tatu. Wa kwanza walisema: "Hawa si Wenge. Wenge ilikufa mwaka 1997, na maiti hafufuki." Wa pili walisema: "Hakuna mapatano hapo, ni fedha tu." Na wa tatu, ambao pengine ndio waliofikiri zaidi, walisema: "Ninyi hamwitaki Wenge. Mnautaka ujana wenu, na huo haurudi kwa kiingilio cha uwanjani." Hoja hizi zote zina uzito. Yafaa tuzipime moja moja.

Kwanza, kwa faida ya wasomaji wetu vijana, tueleze Wenge ni nani. Bendi hiyo ilizaliwa Kinshasa mwaka 1981. Waanzilishi wake, miongoni mwao Didier Masela, walikuwa vijana wadogo, wengi wao wakiwa bado na madaftari ya shule mikononi. Baadaye majina ya JB Mpiana, Werrason, Blaise Bula, Alain Makaba na Adolphe Dominguez yakajulikana kote ambako muziki wa Kongo husikilizwa. Albamu ya Bouger Bouger ilitoka mwaka 1988, Kala-Yi-Boeing mwaka 1993, na Pleins Feux mwaka 1996. Mwaka 1997 JB Mpiana alitoa albamu iliyobeba jina lake mwenyewe, Feux de l'amour, na swali la nani mkubwa katika bendi likawa limekwisha kuiva. Mwisho wa mwaka huo bendi ilipasuka. Mpiana akabaki na Wenge BCBG. Werrason, Masela na Dominguez wakaunda Wenge Musica Maison Mère. Hakuna upande uliokubali kuliacha jina. Kisha kila kipande nacho kikapasuka, hata zikawako Wenge nyingi, kila moja ikidai kuwa ndiyo mlango mkubwa wa nyumba.

Kwetu Burundi habari hizo zilitukuta katika hali ngumu. Nchi ilikuwa vitani tangu Oktoba 1993, na tangu Julai 1996 mataifa jirani yalikuwa yametuwekea vikwazo vya biashara ambavyo viliondolewa mwaka 1999. Wengi wetu hatukujua Kilingala, na hata leo hatukijui. Tulicheza tusiyoyaelewa, tukayatamka maneno kwa kubahatisha, na tukaridhika. Lakini Wenge ilipopasuka tulipasuka nayo. Kukawa na watu wa JB na watu wa Werrason, kana kwamba nchi yetu haikuwa na migawanyiko ya kutosha. Marafiki waliokuwa wakiazimana kaseti wakaacha kuazimana. Leo jambo hilo laweza kutuchekesha. Hata hivyo linatufundisha kitu. Linaonyesha kwamba binadamu hahitaji sababu kubwa ili agawanyike na mwenzake. Ugomvi wa watu wasiowajua, walioko mji wasioufika, wakiimba kwa lugha wasiyoielewa, watosha.

Sasa twende kwenye hoja ya kwanza, kwamba bendi iliyorudi si ile ile. Hapa tunakutana na swali la kale sana. Wagiriki walisimulia juu ya merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya nyingine kila zilipooza, hata ikafika siku ambayo hapakubaki ubao wa mwanzo. Wakauliza: Je, ni merikebu ile ile? Mkulima wa vilima vyetu hana haja ya merikebu ili alielewe swali hili. Anaye jembe la babu yake, ambalo mpini wake umebadilishwa mara tano na bamba lake mara mbili, naye bado huliita jembe la babu.

Tukitazama hapa kwetu tunaona kwamba si kila kikundi cha muziki huulizwa swali hilo. Kilomita chache kutoka mjini Gitega kiko kilima cha Gishora, ambako ngoma za kifalme zimetunzwa tangu zama za Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908. Ufalme ulifutwa tarehe 28 Novemba 1966, lakini ngoma hazikunyamaza. Wapigaji wa leo si wale wa mwaka 1966, wala wale hawakuwa wa zama za Mwezi Gisabo. Baba alimfundisha mwana, mwana akamfundisha mwanawe. Mwaka 2014, shirika la UNESCO lilipoiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu, hakuna aliyesimama akasema: "Hawa si wapigaji wa Gishora, maana wale wa kwanza wamekwisha kufa." Kwa nini? Kwa sababu pale Gishora kinachodumu ni kazi na heshima yake, mpigaji akiwa ni mtumishi wa ngoma. Anaingia, anapiga zamu yake, anatoka, na ngoma inabaki.

Hali kadhalika kwa jirani zetu wa Tanzania. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Jina la chama lilipobadilika, jina la bendi nalo likabadilika: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na mwishowe ikajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Waimbaji waliingia na kutoka, wengine wakaihamia bendi ya pili na kurejea, wengine wakafa. Vyombo vilikuwa mali ya chama, mwanamuziki akawa mwajiriwa. Bendi ya namna hiyo hufanana na shule: walimu huhama, wanafunzi humaliza, na shule ikaendelea kuitwa kwa jina lake.

Wenge haikuwa hivyo. Haikuwa ngoma ya mfalme wala bendi ya chama. Walikuwa vijana waliochaguana wenyewe. Kilichowaunganisha hakikuwa mkataba wa kazi, bali urafiki. Kwa sababu hiyo, urafiki ulipokufa hakuna mwajiri aliyeweza kutangaza nafasi na kuijaza. Ndiyo maana ya bendi kugawanyika mara mbili, kila nusu ikawa na waimbaji hodari, wapigaji hodari na nyimbo zilizopendwa, na bado msikilizaji akahisi kwamba pana kitu kimepungua. Kitu hicho hakikuwa sauti, kwa kuwa sauti zilikuwako. Kilichopungua ni kule kusikilizana kwa wenye sauti.

Basi jibu letu kwa hoja ya kwanza ni hili. Bendi ya marafiki haiwezi kuwa ile ile kwa kubaki na jina, maana jina lilibaki kwa pande zote mbili na halikuponya kitu. Wala haiwezi kuwa ile ile kwa kukusanya miili ile ile jukwaani, maana miili yaweza kusimama pamoja huku mioyo imepeana mgongo. Yaweza kuwa ile ile kwa njia moja tu: wale waliochaguana wakichaguana tena. Hapo ndipo lugha yetu inapotufaa. Kurudi ni kwa mtu mmoja. Aweza kurudi hata nyumba ikiwa tupu. Kurudia ni kufanya jambo lile lile mara ya pili. Lakini kurudiana kunahitaji watu wawili, na kila mmoja wao ni mwenye kurudi na mwenye kurudiwa. Ile silabi "-na" mwishoni ni ndogo, nasi huwafundisha watoto kwamba inaonyesha kutendeana. Lakini uzito wote wa jambo umekaa juu yake.

Hoja ya pili ni ya fedha. Hatutaki kuikana, kwa sababu tamasha kubwa halifanyiki bure. Uwanja hulipiwa, vyombo hulipiwa, na mwanamuziki naye ana watoto wanaosubiri karo. Lakini tujiulize: ni tangu lini fedha peke yake ikawa ushahidi wa uongo? Mwalimu hulipwa mshahara, na mshahara huo hauthibitishi kwamba hawapendi wanafunzi wake. Mahari hutolewa, na harusi haiwi biashara kwa sababu hiyo. Kipimo cha kweli ni kutazama mtu ametoa nini ambacho fedha haikifidii.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Viongozi wale walikuwa wamekaa miaka karibu ishirini na mitano kila mmoja akiwa fahali wa zizi lake. Kila mmoja alizoea kuwa wa mwisho kupanda jukwaani, wa kwanza kutajwa, na mwenye neno la mwisho. Walipokuja pamoja mwaka 2022 walikuwa wamepita umri wa miaka hamsini, na kila mmoja alipaswa kusimama mbele ya mashabiki wake mwenyewe, wale waliomtetea na kumtukana mwenzake kwa miaka mingi, akakubali kuwa mmoja kati ya wengi. Fedha yaweza kumleta mtu hadi mlangoni. Kupita mlangoni akiwa ameinama ni jambo jingine. Hatudai kwamba tunayajua yaliyomo mioyoni mwao, kwani moyo wa mtu ni msitu. Twasema tu kwamba tendo lenyewe lina gharama, na tendo lenye gharama linastahili kuheshimiwa hata kabla hatujajua nia yote.

Baadhi ya watu huongeza hivi: "Lakini baada ya tamasha Werrason na JB Mpiana hawakuziacha bendi zao wenyewe. Basi mapatano yako wapi?" Hapa tena watu hudai kwamba kupatana ni kurudia yaliyokuwa. Ndugu wawili waliogombania shamba la baba yao wanaweza kupatana bila kuubomoa ukuta wa miji yao miwili. Kinachotakiwa ni kwamba njia iliyoota majani kati ya mji na mji ianze tena kukanyagwa. Asiyeridhika mpaka walale chumba kimoja kama walivyolala utotoni hatafuti amani yao, bali anatafuta utoto wao.

Hilo latufikisha kwenye hoja ya tatu, iliyo nzito kuliko zote: kwamba sisi wasikilizaji hatuwataki watu hawa, tunautaka ujana wetu. Ili kuipima, tutazame jambo lililotokea Ulaya karibu wakati ule ule. Kundi la ABBA la Sweden, lenye waimbaji wanne, liliacha kufanya kazi pamoja mwishoni mwa mwaka 1982. Mnamo Novemba 2021 walitoa albamu mpya iitwayo Voyage, na tarehe 27 Mei 2022, yaani mwezi mmoja tu kabla ya tamasha la Kinshasa, onyesho lao lilianza mjini London katika ukumbi uliojengwa kwa ajili hiyo. Lakini wenye nyimbo hawakuwapo jukwaani. Walikuwa wamekwisha kupita umri wa miaka sabini. Walivaa mavazi maalumu, kamera zikainasa miondoko yao, kisha kompyuta zikatengeneza picha zao wakiwa kama walivyokuwa mwaka 1979. Wapigaji wa vyombo walikuwa watu hai. Waimbaji walikuwa picha za mwanga. Watu wengi mno wamelitazama onyesho hilo wakalipenda.

Hatulitaji ili kulilaumu. Hakuna aliyedanganywa, kila aliyeingia alijua anachokwenda kukitazama. Twalitaja kwa sababu linatuonyesha waziwazi ile tamaa iliyojificha ndani ya kila msikilizaji. Ni tamaa ya kumpokea mtu aliyerudi bila ya kuipokea miaka yake. Pale London tamaa hiyo ilitimizwa kwa ustadi mkubwa. Pale Kinshasa haikuweza kutimizwa, kwa kuwa waliopanda jukwaani walikuwa watu wenyewe. Sauti ya mtu wa miaka hamsini na mitano si ya mtu wa miaka ishirini na mitano. Goti haliinuki kama zamani. Aliyekwenda kuitafuta kaseti yake ya mwaka 1996 hakuweza kuikuta pale, na kama aliondoka na huzuni, si kosa la waliopanda jukwaani.

Hapa ndipo panapoingia swali la maadili hasa. Mtu anapomwambia mwenzake, "Rudi uwe kama ulivyokuwa," huwa anadhani anampa sifa. Kwa kweli anamnyang'anya. Anamwambia kwamba yote aliyoyapitia tangu waachane, taabu zake, misiba yake, yale aliyojifunza kwa machozi, ni takataka inayofaa kufagiliwa ili kitu kizuri kilichokuwa chini kionekane. Hiyo si heshima. Heshima ni kumwambia mtu: "Njoo ulivyo, nawe unipokee nilivyo, tuone kama bado tunaweza kuimba pamoja." Kumbukumbu ni jambo jema, na asiyekumbuka hana shukrani. Lakini kumbukumbu ikitaka kutawala, humfanya aliye hai kuwa mtumwa wa picha yake ya zamani. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini?

Mwenzetu mmoja aliwahi kutuuliza: "Kama hawawezi kuwa kama zamani, basi kuna haja gani ya kurudiana? Maji yakimwagika hayazoleki." Methali hiyo ni ya kweli kwa maji. Lakini wahenga hawakutuachia methali moja tu. Walisema pia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bendi ya Orchestra Baobab ya Senegal, iliyoundwa Dakar mwaka 1970, ilisambaratika katika miaka ya 1980, ikarudi mwaka 2001, na mwaka uliofuata ikatoa albamu mpya. Wahunzi walikuwa wamezeeka, koleo lilikuwa jipya, na chuma kikafuliwa.

Tena kuna wale ambao hawakupata nafasi hiyo kamwe, na hao watufanye tupime maneno yetu kabla ya kuwadhihaki waliopatana. Walimu wa Kiswahili hawakosi kuijua Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 1971. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa, akiwamo mpiga gitaa Omar Shabani, walijitenga wakaunda Les Wanyika. Wimbo uliowapa jina kubwa unaitwa "Sina Makosa". Wimbo wenyewe ni wa mambo ya mapenzi, lakini jina lake lingefaa kuwa bango juu ya mlango wa kila ugomvi duniani, kwa kuwa hakuna ugomvi ambao kila upande hauyasemi maneno hayo mawili. Katika miaka ya 1990 ndugu wote wawili wa Kinyonga walifariki, na Omar Shabani naye akafariki. Leo hii hata apatikane mfadhili tajiri wa namna gani, hawezi kuwakutanisha. Nyimbo zao zinafuatana katika vipindi vya redio, wenyewe hawawezi tena kusalimiana.

Na liko jambo zito zaidi kuliko hilo. Huko Rwanda, jirani zetu walikuwa na Orchestre Impala ya Kigali, ambayo nyimbo zake zilisikika hadi huku kwetu. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, baadhi ya wanamuziki wake waliuawa, miongoni mwao Sebanani André. Waliobaki walikuja kulifufua kundi baadaye. Kurudi kwao hakuna uhusiano na fedha wala na ujana wa msikilizaji. Wanapopiga nyimbo za zamani wanashika nafasi za wenzao ambao hawatakuja. Mtu akiwasikia watu wa namna hiyo ndipo anapotambua kwamba ugomvi ambao bado waweza kumalizwa ni aina ya neema. Wagombanao ndio wapatanao, kama wangali hai. Sharti hilo la mwisho methali haikulitaja, lakini historia ya nchi zetu imelitaja mara nyingi.

Sasa tumefika nyumbani. Tumesema mwanzoni kwamba swali hili si la muziki peke yake. Burundi ni nchi ya watu wanaorudi. Wako waliokimbia mwaka 1972 wakarudi baada ya zaidi ya miaka thelathini. Wako waliokimbia vita vya miaka ya 1990, na wako walioondoka mwaka 2015, ambao makumi ya maelfu yao wamekuwa wakirudi kutoka Tanzania tangu mwaka 2017. Muyinga ni mji ulio karibu na mpaka. Barabara ya kwenda Kobero na Tanzania inaanzia mlangoni pake. Watu wa Muyinga hawahitaji kitabu ili waelezwe maana ya kurudi. Wameiona ikishuka kutoka kwenye magari, na magodoro na masufuria yake.

Nasi walimu tunaiona darasani. Huja mtoto aliyezaliwa kambini Kigoma, Kiswahili chake kinatiririka kuliko cha mwalimu, na Kirundi chake kinachechemea. Wenzake humwita Mtanzania. Naye baba yake huko kilimani huambiwa na jirani: "Wewe wa zamani ulikuwa mcheshi, siku hizi umekuwa mkimya." Angalieni jinsi maneno haya yanavyofanana na yale ya wasikilizaji wa Wenge. "Hawa si wale." "Amerudi kwa sababu ya shamba tu." "Tulimtaka yule wa zamani." Hoja ni zile zile tatu. Tofauti ni kwamba msikilizaji akiikataa bendi hupoteza burudani ya jioni moja, lakini kijiji kikimkataa aliyerudi kinapoteza mtu.

Wala mwenye kubaki hakubaki vile vile. Hilo husahauliwa mno. Aliyebaki Gitega naye amezeeka, amezika, amejenga, amenyamaza katika mambo aliyokuwa akiyasema na kuyasema aliyokuwa akiyanyamazia. Aliyerudi akimtazama haoni yule aliyemwacha. Kwa hiyo haki na wajibu viko pande zote mbili, na hapo ndipo "kurudi" kunapopaswa kugeuka "kurudiana". Serikali na mashirika yaweza kumsaidia mtu arudi: yatampa usafiri, chakula cha miezi michache na mabati ya nyumba. Lakini hakuna serikali wala shirika linaloweza kuwarudianisha watu. Hiyo ni kazi ya jirani na jirani, nayo haina siku ya kufungwa.

Hatusemi kwamba kila kurudiana ni kwema. Wako watu ambao usalama wao uko katika kukaa mbali, kama mke aliyempoteza jino kwa kipigo cha mumewe. Huyo tusimsukume kwa methali. Wala hatusemi kwamba makosa yafukiwe. Lile tawi la nne la neno letu, yaani kumrudi aliyekosa, nalo lina mahali pake, na mapatano yaliyojengwa juu ya ukimya huvunjika kwa upepo mdogo. Twasema tu kwamba pale ambapo watu wenyewe wamekubali kuinama mlangoni, sisi tuliokaa pembeni hatuna haki ya kuwazuia kwa sababu eti hawafanani na picha tuliyoitunza. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Waliosema hivyo walijua kwamba wa pembeni mara nyingi hufaidika na ugomvi kuliko na amani, na walitaka kutuonya.

Tungependa wenzetu wayafikishe mazungumzo haya darasani. Somo la kauli ya kutendana hufundishwa kwa pigana, pendana, saidiana, na mara nyingi huishia ubaoni. Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake: Je, mtu mmoja aweza kurudiana? Je, aweza kupatana peke yake? Watacheka, kisha watafikiri. Na iwapo darasani yumo mtoto aliyefika majuzi kutoka ng'ambo ya mpaka, huenda jibu lake likawafundisha wenzake sarufi kuliko kitabu, na likamfundisha mwalimu jambo ambalo halimo katika sarufi.